Idara Isiyo na Kiti

Tangazo lilisomwa Jumatatu asubuhi uani, mbele ya watumishi wote wa Idara ya Vibali Vidogo Vidogo, nalo lilikuwa tangazo la kihistoria. Hayo si maneno yangu mimi. Tangazo lenyewe lilijisema hivyo katika sentensi yake ya kwanza, ili historia isije ikapita bila kugeuka.

“Kuanzia leo,” alisoma Mkurugenzi, “Idara hii ni rahisi.”

Makofi! Aliyeanza kupiga alikuwa Naibu Mkurugenzi, ambaye watumishi walimwita Bwana Sawa, si kwa ubaya, ila kwa kuwa neno hilo lilimtoka kabla mkubwa hajafunga mdomo. Ukimwambia paa linaungua atasema sawa, ukimwambia haliungui atasema sawa vilevile, na mara zote mbili utamwona amekubali kwa moyo mweupe. Alikuwa mtu mwema, mwenye mke, watoto na hamu moja tu duniani, ya kuitwa Kamishna.

Mkurugenzi alikuwa ametoka ng’ambo kwenye semina ya huduma kwa umma. Semina yenyewe hakuikumbuka sana. Alichokumbuka ni hoteli.

“Chumba kizima, ndugu zangu, kina kitanda na jiwe. Jiwe! Halina kazi yoyote. Nikalitazama, nikajisikia mwepesi. Ndipo nikajiuliza: kwa nini mwananchi anayekuja kuomba kibali cha kufuga kuku asijisikie mwepesi?”

Hapo sasa, nani angebisha? Miaka yote Idara ilikuwa imemhudumia mwananchi bila hata siku moja kumuuliza kama amejisikia mwepesi. Watu wakatazamana kwa aibu.

Ukazaliwa Mpango Jumuishi wa Urahisishaji wa Mazingira ya Utoaji wa Huduma za Vibali Vidogo Vidogo. Jina halikuenea kwenye bango, lakini hilo halikuleta shida, kwa sababu mabango ndiyo yaliyoondolewa kwanza. Likang’olewa la “Foleni Huanzia Hapa”. Likang’olewa la “Uliza Hapa”. Yakafuata mabenchi, feni, kalenda, saa ya ukutani, pipa la taka, meza za makarani na ile kalamu iliyofungwa kwa kamba dirishani, ambayo wananchi waliizoea kama ndugu. Vitasa vya milango navyo vikatolewa, kwa kuwa Mkurugenzi alisema vinachokonoa jicho.

Ikaundwa Kamati ya Weupe, ikakaa siku nzima kuchagua kati ya rangi nyeupe na rangi nyeupe zaidi. Ikaundwa Kamati ya Jiwe, ikapewa gari na mafuta kwenda kulitafuta jiwe lenye utulivu. Wakarudi jioni na jiwe ambalo watu wenye macho walilitambua kuwa ni lile lililokuwa likizuia magurudumu kwenye gereji ya jirani. Likawekwa katikati ya ukumbi, peke yake. Mkurugenzi akalizunguka taratibu, mikono nyuma.

“Mnaona?” akasema.

“Sawa kabisa, Mkuu,” akasema Bwana Sawa, na akaona kweli, au alau akaona kwamba kuna cha kuonwa.

Lakini vitu vilivyotolewa viende wapi? Hapa lazima nieleze utaratibu, maana bila utaratibu tungekuwa watu wa hovyo. Mali ya serikali haitupwi. Haichomwi, haigawiwi, wala haitazamwi kwa nia ya kuitupa. Inapelekwa stoo, na ikishaingia stoo haitoki mpaka Bodi ya Kuondoa Mali ikutane na kuiidhinisha. Bodi hiyo ilikuwa na watu watatu, yaani Mkurugenzi, Bwana Sawa na mama mtunza stoo, nayo kwa kanuni ilikutana mezani pake tu. Meza ya Bodi sasa ilikuwa stoo. Kuitoa kulihitaji idhini ya Bodi. Kwa hiyo Bodi haikukutana, na hakuna aliyevunja kanuni hata moja.

Stoo ilikuwa nyuma ya ukumbi, chumba kirefu chenye dirisha moja. Mlango wake nao ukapakwa rangi na kunyang’anywa kitasa, hata ukamezwa na ukuta. Aliyetaka kuingia alipaswa kusukuma mahali fulani na kuomba Mungu.

Mwananchi wa kwanza wa zama mpya alikuwa mzee mwenye mwavuli. Akaingia, akasimama, akatazama kuta nne na jiwe. Akatoka nje kuhakikisha jengo, akarudi. Bwana Sawa alikuwa amesimama pembeni kama Kiongozi wa Utulivu, cheo alichopewa wiki hiyo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mmehama?”

“Hapana, mzee. Tumekuwa rahisi.”

“Poleni sana. Dirisha la kuku liko wapi?”

“Hatuna tena madirisha, mzee. Unaingia, unatulia, unahisi huduma iko upande gani.”

Mzee akatulia. Alikuwa mtu wa heshima, akajitahidi kuhisi. Mwisho akaliinamia jiwe, akalieleza kwa sauti ya chini kwamba ana kuku kumi na jogoo mmoja, na kwamba jirani yake ni mkorofi. Jiwe halikujibu. Mzee akamgeukia Bwana Sawa.

“Huyu ndiye mkubwa wenu?”

“Hapana, mzee. Hilo ni jiwe.”

“Afadhali,” mzee akasema. “Nilidhani nimekuwa mgonjwa.”

Wakati huo karani wa mihuri alikuwa na shida yake. Muhuri hupigwa juu ya kitu. Alijaribu ukutani, Mkurugenzi akafoka. Akajaribu gotini, goti likawa limeidhinishwa. Basi akasukuma ukuta mpaka ukafunguka, akaingia stoo kutafuta meza ya kupigia muhuri mmoja tu, na hakurudi. Karani wa ua na uzio akamfuata kumtafuta, naye hakurudi. Kisha karani wa mifugo, akiwa amemshika mkono mzee mwenye mwavuli. Kufikia mwisho wa wiki ukumbini walibaki Bwana Sawa na jiwe, na mmoja wao alikuwa na mawazo.

Maana waraka wa pili ulikuwa umetoka. Wakuu wote wa Idara waishi Mpango hata majumbani mwao, ukaguzi ungepita, na nyumba ya mfano ingempa mwenyewe cheo kipya kabisa, Kamishna wa Urahisi. Bwana Sawa alisoma neno Kamishna mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaenda nyumbani mbiombio.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ameketi kwenye kochi, anakunja nguo za wateja. Kochi hilo alilinunua mwenyewe kabla hajaolewa, la kahawia, lenye alama ya pasi mkononi na bonde upande wa kushoto, ambako kila mtoto wa nyumba ile alilazwa alipopata homa.

“Mama Watoto,” Bwana Sawa akaanza, “hili kochi lina kazi gani?”

“La kukalia.”

“Mbali na hiyo?”

“Baba Watoto, umekunywa nini?”

“Ni swali la kitaalamu. Na masufuria yako mangapi? Tunabaki na moja.”

“Moja! Wali ukiwa jikoni, mboga nipikie wapi? Kwenye kofia yako?”

“Unapika kimoja, ukimaliza unapika kingine. Rahisi.”

“Rahisi kwa nani?”

Bwana Sawa akaufikiria waraka kutoka juu hadi chini. Swali hilo halikuwemo.

Siku ya pili, mkewe alipokwenda kupeleka nguo za wateja, Bwana Sawa akaleta mkokoteni. Likatoka kochi, likatoka kabati, yakatoka masufuria, vikatoka viti vya plastiki na kioo cha mlangoni. Angeviacha nje vingeibwa kabla ya jua kuzama, kwa hiyo akavipeleka mahali pekee palipokuwa na nafasi na mtunzaji, yaani stoo. Mama mtunza stoo akavipokea mlangoni kwa mikono miwili.

“Naibu, unajua kilichoingia humu ni mali ya serikali?”

“Sawa,” akasema Bwana Sawa, akili ikiwa kwenye ukaguzi.

Mama Watoto aliporudi alisimama mlangoni bila kuvua viatu. Watoto walikuwa wamekaa sakafuni kama mizigo stendi. Katikati ya sebule palikuwa na jiwe.

“Na hili?”

“La kutazama.”

Akalitazama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Bwana Sawa. Siku ile alipika. Kesho yake akapika tena. Siku ya tatu akatoka jikoni na ile sufuria moja mkononi, inachuruzika maji.

“Sikiliza nikwambie. Nyumba yangu ilikuwa na vitu, lakini umeme ukikatika hata mdogo kabisa alijua kiberiti kilipo. Hiyo ndiyo rahisi. Wewe umepunguza vitu, kazi umeniongezea. Nachemsha maji, naosha sufuria. Napika uji, naosha sufuria. Napika chai, inanukia uji! Nyumba hii imekuwa rahisi kuitazama tu, na mimi sikuolewa nije kuitazama.”

“Mke wangu, ni kwa muda. Nikishapata ukamishna...”

“Utakalia wapi huo ukamishna?”

Akawavisha watoto viatu. Mlangoni akageuka. “Siku kochi litakapokuwa hapo lilipokuwa, na mimi nitakuwa hapo nilipokuwa. Niko kwa dada.”

Iliuma, jamani. Bwana Sawa alikula jioni ile sakafuni, akiegemea ukuta mweupe, na kila alipogusa sufuria kwa kijiko nyumba nzima iliitika. Alikuwa hajui kwamba watoto wana kelele za namna nyingi hivyo mpaka zilipokosekana zote kwa pamoja.

Mkaguzi alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Alipita chumba hadi chumba, anatikisa kichwa kwa furaha.

“Naibu! Mke yuko wapi?”

“Ameondoka, Mkuu. Na watoto.”

Mkurugenzi akamshika bega, machozi yanamlengalenga. “Hata familia umepunguza! Mimi mwenyewe sijafika huko. Ukamishna huu ni wako.”

“Sawa, Mkuu,” akasema Bwana Sawa, na neno lenyewe likamkwama kama mwiba wa samaki.

Kesho yake mchana akaamua kwenda kulikalia kochi lake dakika chache tu, angalau apate harufu ya nyumbani. Akasukuma ukuta. Mlango ukafunguka, na makelele yakamvamia usoni.

Stoo ilikuwa imejaa watu. Mabenchi yamepangwa, feni inazunguka, saa inasema saa. Bango la “Uliza Hapa” limeegemezwa kwenye kabati la mkewe, na mbele yake karani anaulizwa na anajibu. Makarani wamekaa kwenye meza zao wakigonga mihuri, pa! pa! pa!, na kalamu iliyofungwa kwa kamba inafanya kazi yake ya siku zote. Kulikuwa na vurugu ya kila aina ya kitu, lakini mtu aliingia na shida na kutoka na kibali, bila kumsumbua yeyote kwa maswali zaidi ya mawili. Mama mtunza stoo anachemsha chai kwa masufuria ya nyumbani kwake Bwana Sawa. Na juu ya kochi, pale penye bonde, amelala mtoto wa mtu, mama yake kando anasubiri kibali cha kupanua kibanda.

“Hebu sogea kidogo, kaka,” mama yule akamwambia, “unanizibia feni.”

Bwana Sawa akasogea. Alikuwa Naibu Mkurugenzi na kochi lilikuwa lake, lakini akasogea. Kisha akamnong’oneza mama mtunza stoo kwamba anataka kulirudisha nyumbani.

“Bodi,” mama akajibu, anamimina chai.

“Lakini ni langu!”

“Lilikuwa. Nilikuuliza, ukasema sawa. Ikutane Bodi.”

Akatoka amenywea. Mtu anayejua kanuni vizuri ndiye anayejua vizuri jinsi alivyonaswa.

Mkurugenzi yeye alikuwa mbinguni. Kila asubuhi aliukuta ukumbi mtupu, na kila jioni aliuacha mtupu. Akamwandikia Waziri taarifa kwamba foleni, ambazo zililishinda taifa tangu liwe taifa, zimekwisha. Wananchi walikuwa wamerahisishwa mpaka hawaonekani. Kilichomkera ni kitu kimoja tu. Ukutani, mahali fulani nyuma, palikuwa na alama za viganja vya watu, nyeusi, nyingi, zilizorundikana sehemu moja kama zimepewa miadi. Kila siku zilipakwa rangi na kila siku zilirudi. Aliunda kamati ya viganja. Kamati ilikutana stoo, ikanywa chai, ikaripoti kwamba ni unyevu.

Basi Waziri akaja. Mama mnene, mwenye sauti, aliyevaa viatu vipya vinavyombana kwa siri ambayo uso wake ulishindwa kuitunza. Kabla hajashuka garini, Mkurugenzi alimvuta Bwana Sawa pembeni.

“Pale penye unyevu, simama wewe. Egemea. Asipaone mtu. Leo jioni unaitwa Kamishna.”

Rangi ilikuwa imepakwa asubuhi ile. Bwana Sawa akaegemea, mikono ameitandaza, na akasikia shati linashika.

Waziri aliingia, akazunguka jiwe, akatazama huku, akatazama kule.

“Pazuri,” akasema. “Nikae wapi?”

“Mheshimiwa, hapa tumevuka hatua ya kukaa.”

“Mmevuka mkaenda wapi?”

“Kusimama, Mheshimiwa.”

Waziri akahamia mguu wa kulia, kisha wa kushoto. “Na wananchi?”

“Hakuna, Mheshimiwa. Tumefikia sifuri.”

“Sifuri! Wilaya nyingine zinanililia watu wamejaa hadi barabarani.” Akatega sikio. “Hizo pa-pa-pa ni nini?”

“Ukuta, Mheshimiwa. Unapumua. Ni wa kisasa.”

“Unacheka pia?”

“Ukipata upepo mzuri.”

Waziri alikuwa karibu kuuliza swali jingine la namna hiyo pale sauti ilipotoka mlangoni. “Hodi humu!”

Alikuwa Mama Watoto. Jirani yake alikuwa amekwenda kufuata kibali cha uzio, akarudi na kibali na habari kwamba amekalia kochi lenye alama ya pasi anayoijua, maana alikuwepo siku pasi ilipoanguka. Mama Watoto hakumaliza hata kushona kifungo. Nje alimwacha kijana wa mkokoteni amepaki nyuma ya gari la Waziri.

Akamwona mumewe amebanwa ukutani kama nguo iliyoanikwa.

“Baba Watoto. Unafanya nini hapo?”

“Nipo kazini.”

“Kochi langu liko wapi?”

Waziri aligeuka upesi kuliko viatu vilivyoruhusu. “Kuna kochi?”

“Hakuna, Mheshimiwa!” Mkurugenzi akaruka. “Mama huyu ana msongo. Kochi ni dhana tu.”

“Dhana yenye alama ya pasi,” akasema Mama Watoto. Alimpima Waziri juu hadi chini, akaona shida ilipo. “Na wewe umefuata kibali, dada? Hapo utasimama mpaka kesho. Wanasema kazi yote iko nyuma ya ukuta.”

Hapo macho yote yakamwangukia Bwana Sawa. Mkurugenzi alimkazia jicho, na ndani ya jicho lile kulikuwa na ukamishna mzima, na gari lake, na kibao cha jina mlangoni. Mkewe hakukaza jicho lolote. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida ya jikoni, “Watoto wameniuliza tunarudi lini nyumbani. Nimewaambia wamuulize baba yao.”

Bwana Sawa akafungua mdomo, na watumishi waliomjua wangeapa wanajua litakalotoka.

“Hapana, Mkuu,” akasema Bwana Sawa.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, lakini wote walielewa. Akajibandua ukutani, shati likaacha kipande cha mgongo pale, akasukuma, na stoo ikafunguka ikiwa na watu wake, chai yake na feni yake. Waziri hakusubiri maelezo. Alipita katikati ya umati moja kwa moja hadi kwenye kochi, akaketi penye bonde, akavua viatu, na sauti iliyomtoka haikuwahi kutoka Wizarani.

“Asante, Mungu,” akasema. “Hapa ni wapi?”

“Stoo tu, Mheshimiwa!” Mkurugenzi akahema. “Uchafu! Haimo kwenye Mpango. Stoo na vyote vilivyomo si vyangu, naomba iandikwe hivyo.”

“Iandikwe,” akasema Waziri, anaminya vidole vya miguu. Karani akaandika, akapiga muhuri, pa!

“Nyanyuka basi, dada,” Mama Watoto akasema. “Mkokoteni unasubiri.”

“Halitoki!” Mkurugenzi sasa alikuwa amepata mahali pa kushika. “Kilichoingia stoo ni mali ya serikali. Mpaka Bodi ikae!”

“Mwenyekiti wa Bodi nani?”

“Mimi, Mheshimiwa.”

“Meza yake?”

“Hiyo hapo,” akasema mama mtunza stoo, akiinua sufuria ya chai juu yake. “Sasa ni safi.”

Bodi ikakaa. Mwenyekiti akapinga kochi kutoka, kwa faida ya taifa. Mama mtunza stoo akaunga mkono litoke, kwa kuwa linamzibia njia. Wakamgeukia Naibu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuinua mkono kabla ya mkubwa wake. Mkono wenyewe ulikuwa umejaa rangi. Aliuinua mpaka mwisho, na akaubakisha juu hata baada ya kura kuhesabiwa, kwa kuwa alikuwa hajui unashushwa lini. Mkewe ndiye aliyeushusha, akaushika.

Waziri alinyanyuka kwa shida na kwa huzuni, akavaa viatu visigino vikiwa nje, akamgeukia Mkurugenzi.

“Umesema stoo na vyote vilivyomo si vyako.”

“Si vyangu kabisa, Mheshimiwa.”

“Basi kuanzia leo stoo ndiyo Idara, na ataiangalia Naibu. Wewe baki na ukumbi, nao usiguswe. Umefanya kazi kubwa pale, na sitaki iharibiwe na watu.”

Mkurugenzi alikuwa tayari ameanza kuinama kwa shukrani. Akaishia nusu. “Na watumishi wangu?”

“Watajaza ukumbi.”

“Simu?”

“Italia, itavuruga utulivu.”

“Gari, Mheshimiwa? Dereva?”

“Gari lina viti vitano,” akasema Waziri kwa masikitiko ya kweli. “Mimi nisingethubutu kukuaibisha.”

Jioni ile barabara ilikuwa na vumbi na jua la machoni. Kijana wa mkokoteni alikuwa anasukuma, Bwana Sawa anasukuma pembeni yake na shati lisilo na mgongo, na Mama Watoto anatembea mbele akisogeza watu njiani kama trafiki. Juu ya mkokoteni lilikaa kochi, na juu ya kochi masufuria yanagongana.

“Kabati kesho,” akasema Mama Watoto.

“Kesho,” akasema mumewe. “Na watoto?”

“Wako nyumbani tangu saa kumi. Dada amewaleta. Wanasubiri pa kukaa.”

Bwana Sawa alicheka peke yake kama mwehu, akasukuma kwa nguvu hata kijana wa mkokoteni akamwomba apunguze.

Kwenye kona wakamkuta mtu anatembea pembeni ya barabara, koti begani, anachechemea. Alikuwa na kiatu cha kusimamia ukumbini, si cha barabara. Alipowaona alinyoosha mgongo na kujifanya anaangalia nyumba za watu.

“Mkuu,” akaita Bwana Sawa. “Vipi?”

“Natembea kidogo,” akasema Mkurugenzi. “Inanifungua akili.”

Mama Watoto akamsimamisha kijana wa mkokoteni. Akamtazama yule mtu kama alivyomtazama Waziri, akaona shida ilipo.

“Panda ukae, shemeji.”

“Mimi? Hapana, hapana.” Akatazama barabara huku na huku. Hapakuwa na mtu wa Idara. “Labda mpaka pale kwenye mteremko.”

Wakamsaidia kupanda. Akajiweka ukingoni kwanza, kwa heshima ya cheo, kisha akateleza taratibu mpaka penye bonde, na kochi likampokea. Mama Watoto akamrundikia masufuria mapajani.

“Nishikilie, yasipige kelele.”

Akayakumbatia yote. Mkokoteni ukaondoka, ukapita mteremko, ukaupita hata wa pili, na hakuna aliyemkumbusha kushuka. Watu waliokuwa wamekaa vibarazani walisimama kutazama.

“Kwenu ni mbali?” akauliza Mkurugenzi hatimaye, macho ameyafumba.

“Si mbali sana,” akasema Bwana Sawa.

“Basi msiende haraka.”